Jicho la Kushoto la Mamba wa Dhahabu

Walioliona kosa kwanza ni wauza samaki wa ng'ambo ya barabara.

"Dada Rosinete! Mamba wako kaangusha nini, mbona anatafuta chini kwa jicho moja?"

"Kawaona samaki wenu wa juzi," alijibu Rosinete Tavares bila kugeuka. "Anawasikitikia."

Alikuwa juu ya ngazi katika banda moja la mtaa wa Guamá, mjini Belém, ana kwa ana na kichwa cha mamba wa kuundwa, kikubwa kuliko gari dogo. Ndani ya kichwa hicho ndimo anamosimama didijei wa Mamba wa Dhahabu, mtambo wa muziki ambao wafuasi wake husalimiana kwa kufungua na kufunga mikono miwili kama taya. Macho ya mamba ni taa mbili za jukwaani, za aina inayogeuka na kuinama kwa amri. Zikiwashwa, kila moja hujinyoosha kwanza kama mtu aliyeamka: kushoto, kulia, juu, chini, kisha hutulia ikitazama mbele. Asubuhi hiyo ya Jumamosi jicho la kulia lilijinyoosha. La kushoto liligeuka vizuri huku na huku, lakini lilipotakiwa kuinuka lilinguruma, likatetemeka, likaangukia puani.

Nazareno, mwenye mtambo na didijei wake, alitazama mara tatu, na kila mara uso wake ulizidi kukunjamana. Kesho yake, Jumapili ya sikukuu za Juni, Mamba wa Dhahabu angekutana na mtambo hasimu, Radi ya Buluu, katika uwanja mmoja, ukuta wa spika mbele ya ukuta wa spika. Katika mikutano hiyo didijei humtaja mtu kwa jina, na macho yote mawili ya mamba humgeukia. Aliyetazamwa hivyo husimuliwa wiki nzima.

"Salamu ya kwanza ni ya mama yangu," alisema Nazareno. "Nimtaje mama yangu mzazi, jicho moja linamtazama, jingine linakagua viatu vyake? Lisipopona, dada, nafunika kichwa kwa turubai. Tutapiga muziki bila mnyama."

"Anayefunikwa turubai ni maiti."

"Basi mponye."

Macho yale yalikuwa ya Rosinete. Alianza kazi hiyo akiwa msichana, kwa balbu za rangi alizozitia ndani ya makopo matupu ya siagi, na ni yeye aliyemshawishi Nazareno kwamba mnyama asiyetazama watu ni boksi tu. Mumewe, Edimilson, ni fundi wa taa wa Radi ya Buluu. Walijuana siku mitambo yote miwili ilipotumia nguzo moja ya umeme na Rosinete akachomoa waya wa Radi. Edimilson alikuja kugomba, akabaki kula. Nyumbani mwao wana sheria moja: ambaye mtambo wake umezidiwa huosha vyombo, bila kunung'unika.

Rosinete alizima umeme, akaishusha taa, akafungua kifuniko chake. Ndani mna mota mbili, moja ya kugeuza, moja ya kuinua. Hizi si mota za feni zinazozunguka ovyo. Huenda hatua kwa hatua, ndogo ndogo, ndiyo maana taa hujua mahali ilipo. Alichomoa waya wa mota ya kuinua, akauchomeka kwenye tundu la mwenzake lililokuwa zima. Alipowasha tena, ikanguruma vilevile. Basi ubao wa umeme haukuwa na hatia. Aliutoa mkanda wa meno, akajaribu kuzungusha ekseli ya mota kwa vidole, akahisi mchanga na kutu.

Kisha akasikia harufu. Alinusa mota, akainusa tena. Mizizi, majani, maua: maji ya manukato ambayo kila nyumba ya Belém hujimwagia mwezi wa Juni ili kuvuta bahati. Kwenye skrubu moja palikuwa pamenata jani.

Akakumbuka. Mkesha wa Mtakatifu Antonio, Dona Osvaldina, mama yake Nazareno, alipanda juu ya kiti, bibi wa zaidi ya miaka themanini, akammwagia mamba chupa nzima katikati ya macho ili ashinde. Watu wote walipiga makofi. Rosinete naye alipiga.

"Imeharibiwa na nini?" aliuliza Nazareno.

Dona Osvaldina alikuwa pale pale mlangoni, akimenya kamba wa chakula cha mchana. Rosinete alilificha jani kiganjani.

"Unyevu," alisema.

"Huu unyevu wa Belém utatumaliza, mwanangu," alisema bibi kwa huzuni, akaendelea kumenya.

Dukani hapakuwa na mota ya ukubwa ule. Rosinete alijua moja tu, na ilikuwa chini ya kitanda chake mwenyewe, ndani ya taa iliyokufa ya Radi ya Buluu. Alimkuta Edimilson mezani, na bakuli la rojo la matunda ya asai, samaki wa kukaanga na unga wa muhogo.

"Mume wangu mpenzi."

"Lo! Unataka nini?"

"Mota ya kuinua. Ile ya taa yenu mbovu."

Edimilson aliweka kijiko chini, akacheka mpaka akashika meza. "Kumbe ni kweli! Wauza samaki wameniambia mamba kapata makengeza, nikadhani wananifurahisha tu. Nikupe silaha unipige nayo?"

"Usiponipa, kesho mtashindana na turubai. Utajisifu kwa nani kwamba ulilishinda turubai?"

Hilo lilimgusa. Alitafuna taratibu. "Nakupa. Lakini Nazareno anitaje mimi kwa jina, kwenye maiki yake, na macho yote mawili yanitazame. Mbele ya watu wangu."

"Hajawahi kumtaja mtu wa Radi tangu azaliwe."

"Basi abaki na makengeza."

Nazareno alipoambiwa alitukana dakika nzima, kisha akauliza kama shemeji anataka kutajwa kwa jina moja au mawili.

Rosinete alihamisha gurudumu dogo la meno kutoka ekseli ya zamani hadi ya mpya, akaikaza mota kwa boliti zake nne, akavuta mkanda, akauachia ulegevu wa unene wa kidole. Jumapili, kabla ya mvua ya kila alasiri, akawasha. Akaamuru jicho litazame juu. Likatazama chini, kwa nguvu, likagonga pua ya mamba. Wauza samaki walipiga mayowe.

"Dada, hiyo imezoea Radi! Inamsujudia adui!"

Rosinete naye alicheka. Mota za aina hii zina jozi mbili za nyaya. Hii ya Radi ilikuwa imeungwa kinyume. Alibadilisha ncha za jozi moja, akalehemu, akafunika. Jicho likapanda, laini, kimya, likasimama sambamba na mwenzake. Nazareno alimbusu Rosinete kwenye paji la uso, akalibusu na jicho.

Hapo ndipo Dona Osvaldina alipotokea na chupa mpya ya manukato, akiwa tayari anavuta kiti.

"Amepona! Sasa tumwogeshe tena, bahati isitoroke."

Rosinete aliruka kutoka kwenye ngazi. "Yeye keshaoga, mama. Nimwagie mimi. Mikono hii ndiyo inayomwongoza." Akainama. Bibi akammwagia chupa yote kichwani, kwa dua ndefu.

Mvua ilipokwisha, uwanja ulijaa. Jua lilipokuwa likizama, Nazareno alimtaja mama yake, na macho mawili yakapanda pamoja, yakavuka vichwa vya watu, yakamkuta bibi kwenye kiti chake cha plastiki. Dona Osvaldina alifungua taya za mikono yake na kuzifunga, na uwanja mzima ukafanya vivyo hivyo.

"Na sasa," alisema Nazareno kwa sauti ya mtu anayemeza kidonge, "salamu kwa Edimilson Tavares. Wa upande ule."

Macho yakageuka. Edimilson, katika fulana yake ya buluu, aling'aa mbele ya wenzake wote. Walimzomea. Alisimama, akanyoosha mikono, akafungua na kufunga taya za mikono, mara moja tu.

Kwenye meza ya taa, Rosinete, nywele zikinukia majani, alisogeza kidole. Jicho la kushoto likashuka peke yake hadi puani. Watu wa Radi wakalipuka kwa shangwe: limekufa tena! Likakaa hapo kidogo. Kisha likapanda, taratibu, mpaka usawa wa mwenzake.

Edimilson peke yake ndiye aliyeelewa kwamba amekonyezwa. Usiku huo hakungoja kuambiwa, aliosha vyombo.