Kiti cha Dirishani cha Mzee Karel

Mwaka ule wa pili wa korona, Kasoki alikuwa akihudumia wazee katika nyumba moja ya kulelea wazee huko Lidcombe, ughaibuni. Wageni walikatazwa. Mzee Karel, mtu wa Chekoslovakia ya zamani, alishinda sebuleni kwenye kiti chake cha dirishani akitazama treni, na hadithi zake zote zilimwangukia Kasoki.

"Nilikuwa mtoto," alisimulia mzee, Kasoki akimpa chai. "Wakubwa wanne wakakutana Munich: Mjerumani, Mwingereza, Mfaransa na Mwitaliano. Wakampa Mjerumani nchi yetu ya mpakani, na nyumba yetu humo humo, eti vita visije. Wajumbe wetu wakawekwa hotelini, wangoje kuambiwa."

"Na vita, babu?"

"Vikaja mwaka uliofuata."

Kasoki alimsikitikia kweli. Hata kwao Butembo watu walijua kuhama bila kupenda.

Sasa Bi Dorothy, wa chumba cha jirani, akakitamani kiti kile. Akapiga kelele asubuhi, akapiga kelele jioni, akamwaga na uji. Kasoki hapendi ugomvi. Kwao, wawili wakigombana, unamwendea yule mpole umwombe aachie, maana mpole ataelewa. Safari hii Karel hata hakumwomba. Alikaa jikoni na Bi Dorothy na msimamizi wao, Nibigira, wakapatana upesi kiti kiwe cha Bi Dorothy.

"Na mzee je?" Nibigira aliuliza.

"Yule ni mtu wa Mungu, dada. Hatasumbua."

Kweli hakusumbua. Alipopelekwa kwenye kiti cha ukutani, aliuliza tu, "Mlikutana wapi?"

"Jikoni, babu."

"Afadhali. Munich ni mbali."

Kasoki alicheka. Alikuwa ndani ya treni ya kurudi kwake St Marys ndipo maneno yale yalipomchoma. Alisali njia nzima, akaazimia kumrudishia mzee kiti chake mbele ya wote, na kumwomba radhi.

Kesho yake Bi Dorothy alikuwa ameshaanza kudai na meza ya Karel. Naye Karel alikuwa na homa; mlango wake umefungwa, wanaingia wauguzi wa korona peke yao. Kasoki alikisukuma kile kiti mpaka mlangoni pake, akakiacha pale.

Karel hakutoka akiwa hai.

Walipokwisha kumchukua, Bi Dorothy alikuja taratibu, akashika mgongo wa kiti. "Sasa ni changu, si ndiyo?"

"Ngoja, mama," Kasoki alisema. "Mwenyewe sijamwuliza."