Kiti cha Verlin Kule Brannock

Marlys Engebretsen alikuwa na wivu wa aina mbili, na hakuuficha hata mmoja. Wa kwanza ulikuwa wa zamani: wivu wa futiboli ya Kimarekani, ile ya helmeti na kugongana mabega. Tangu alipoanza kufundisha mpira wa wavu wa wasichana katika Chuo Kikuu cha Calloway, hapa bondeni Oregon, vijana wa futiboli walikula steki na wasichana wake wakala mkate wa siagi ya karanga. Wivu huo aliuzoea kama mtu anavyozoea goti bovu. Uliuma mvua ikinyesha, na Oregon mvua hainyeshi kidogo.

Wa pili ulikuwa mpya, na huo ulikuwa na jina la mtu: Joleen Haddock.

Joleen alikuwa msaidizi wake kwa miaka mingi kabla ya kupewa timu yake mwenyewe katika chuo cha Brannock, ng'ambo ya mto. Vyuo hivyo viwili vilicheza ligi moja tangu enzi za babu zao, hadi ligi tajiri ya mashariki ilipoitaka Calloway. Televisheni iliipenda futiboli ya Calloway. Ya Brannock haikuitaka hata bure. Basi Calloway ikahama, na michezo mingine yote ikaburutwa nyuma yake bila kuulizwa, wavu, kuogelea na mbio. Brannock ikaachwa solemba. Siku habari zilipotoka Marlys alicheka hadi akashika mbavu, kisha akamtumia Joleen boksi la tishu lililofungwa utepe wa kijani wa Calloway.

Joleen alijibu kwa ujumbe mfupi: "Asante. Nakutunzia, utazihitaji."

Marlys hakuchukua muda kuzihitaji. Vijana wa futiboli wana ndege yao ya kukodi. Huondoka Ijumaa, hucheza Jumamosi, wakarudi kulala kwao. Wasichana wa wavu hucheza katikati ya wiki na mwisho wa wiki, leo New Jersey, keshokutwa Indiana, kwa ndege za kila mtu za kubadilishia Chicago. Aliyepanga ratiba ile hajawahi kukaa kiti cha kati akiwa na miguu mirefu kama ya wasichana wale. Nyumbani nako mechi ziliwekwa saa tisa alasiri, ili watu wa mashariki watazame wakila chakula chao cha jioni. Saa tisa ndiyo saa mabasi ya shule yanapotoka, na Verlin, mume wa Marlys, ni fundi wa mabasi ya shule. Mtu ambaye miaka yote hakukosa mechi ya mkewe, aliyewafokea waamuzi mpaka akatolewa nje, sasa mechi zikichezwa yeye yuko chini ya basi.

Jumatano moja ya Novemba theluji iliwakwamisha Chicago. Wasichana walilala sakafuni, wengine wakifanya mitihani kwenye kompyuta zao, na abiria wakawa wanaruka miguu yao. Msaidizi mpya wa Marlys, kijana aitwaye Dario Pettibone, alikuwa ameinamia simu.

"Kocha, Brannock wanacheza."

"Nani amekuuliza?"

"Nimesema tu."

Marlys akamsogelea. "Wanaongoza?"

"Si umesema hukuuliza?"

"Lete hiyo simu hapa."

Kule Brannock, ambako mechi bado huchezwa usiku, ukumbi ulikuwa umefurika. Palikuwa na tarumbeta, watoto waliopakwa rangi usoni, na bibi mmoja aliyekuwa akifuma soksi bila kuondoa macho uwanjani. Joleen alisimama pembeni, nywele zimetulia, macho hayana uchovu hata kidogo. Mechi ikiisha atakula kwake na kulala kwake. Ndipo kamera ikapita safu ya mbele, na pale akamwona mwanamume mwenye kofia ya kahawia ya Brannock, ngumi juu, mdomo wazi, bisi zimemwagika mapajani.

"Huyo si mume wa..." Dario akaanza.

"Funga mdomo."

Akachukua simu yake, akampigia. Ikaita, ikaita, ikakatika. Baada ya muda kidogo, kwa kuwa picha huchelewa, alimwona mumewe kwenye kioo cha simu ya Dario akitoa simu mfukoni. Verlin aliitazama, akairudisha mfukoni, akaendelea kushangilia.

Kesho yake walifika nyumbani jioni, na mizigo haijatua chini Marlys alikuwa ameshaingia jikoni, ambako Verlin alikuwa akikaanga vitunguu.

"Jana ulikuwa wapi?"

"Si unajua? Ulipiga kwenye pointi ya mwisho."

"Kwa hiyo pointi ya Joleen ni kubwa kuliko mkeo."

"Mke wangu, ningepokea simu kwenye pointi ya mwisho, wewe mwenyewe ungenitukana."

Ilikuwa kweli, na kwa sababu ilikuwa kweli ikamzidishia hasira. "Ulianza lini kwenda?"

"Mwaka jana."

"Mwaka jana! Na Joleen anajua?"

"Ananiwekea kiti."

Marlys alilazimika kukaa. Verlin angemwambia ana mwanamke mwingine, angalau angejua matusi ya kumtolea. Lakini kiti! Safu ya mbele, kila wiki, kimewekwa na mtu aliyefundishwa kazi na yeye, kwa mume ambaye kazi yake pekee katika ndoa hii, ukiacha mabasi, ilikuwa kupiga kelele upande wake.

"Kiti chako kiko Calloway, Verlin."

"Saa tisa mchana kinakaa peke yake. Na kuna jingine, bora ulisikie kwangu."

Jingine lilihusu Usiku wa Kuaga. Katika mechi ya mwisho ya nyumbani, kila msichana wa mwaka wa mwisho huingia uwanjani ameshikwa mkono na mzazi. Ambao wazazi wao wako mbali walikuwa wakimwomba Verlin. Amewashika mkono wengi, akiwa na tai yake ya kijani, akilia kuliko mama zao. Desturi ilikuwa na sharti moja: msichana anaomba mwenyewe, kocha haingilii. Joleen aliibeba desturi hiyo na sharti lake hadi Brannock.

"Binti mmoja wa Brannock ameniomba," Verlin alisema. "Kwao ni Guam, kisiwani kule Pasifiki. Ni Ijumaa ijayo jioni."

"Ijumaa jioni ni yetu!" Safari hii, kwa bahati mbaya, televisheni ilikuwa imeisogeza mechi ya kuaga ya Calloway hadi saa ile ile.

"Najua. Ndiyo maana sijamjibu. Miaka yote nimewashika mkono wasichana wako, Marlys. Mwaka huu hakuna aliyenitafuta. Akitokea mmoja akaniomba kwa mdomo wake, namwambia wa Guam anisamehe, nakuja kwako. Nimeahidi kumjibu kesho."

"Utaombwa," Marlys alisema. "Wewe subiri."

Asubuhi alikuwa ukumbini kabla ya timu. Alimjua wa kumwendea: Saskia Brandvold, mtoto wa Alaska, aliyehamia Calloway mwaka jana. Mama yake hakuweza kuacha kazi ya kiwanda cha samaki. Saskia alikuwa akijifunga plasta vidoleni.

"Ijumaa ijayo nani atakushika mkono?"

"Hakuna, Kocha. Nitaingia peke yangu, si mbaya."

Marlys alitazama kulia na kushoto kama mwizi. "Si umwombe Verlin?"

Saskia aliikata plasta kwa meno. "Verlin ni nani?"

"Mume wangu!"

"Kocha ana mume?" Binti alishangaa kweli kweli, akamgeukia mwenzake. "We, ulijua Kocha ana mume? Sisi tulifikiri Kocha kwao ni uwanja wa ndege!"

Wakacheka, na kicheko chenyewe kilikuwa cha mapenzi. Saskia alipomwona kocha wake hacheki, akakaza uso. "Ukitaka nimwombe, nitamwomba, Kocha. Niambie tu niseme nini."

Marlys alitaka. Alitaka mpaka meno yakamuuma. Akilini alimwona Joleen akikitazama kiti kitupu, akaona raha.

"Acha," alisema hatimaye. "Kapashe misuli."

Jioni alimkuta Verlin kibarazani akivua buti za kazi.

"Mjibu yule wa Guam."

Verlin akaiacha buti ya pili mguuni. Marlys akakaa karibu naye. "Anaitwa nani?"

"Tasi," Verlin alisema upesi, uso ukimchangamka, na hapo hapo akaanza: Tasi anavyookoa smashi akiwa magotini, Tasi anavyomkejeli mwamuzi kimya kimya, Tasi alivyomfundisha kusema asante kwa lugha ya kwao. Marlys alisikiliza yote mpaka mwisho, akiona wivu kwa kila neno.