Safari ya Gari Lililokaa Juu ya Matofali

Mwone kwanza anavyofika. Mwanamke wa makamo, mabega mapana, kidole gumba kimeota sugu ya sindano, anaingia kwenye ua wa karakana yake mwenyewe kama mtu aliyeitwa kutambua maiti. Shingoni ananing'iniza tepu ya kupimia. Hata siku ya mapumziko haivui. Anashona viti vya magari, na kila mtu anamwita Fundi, isipokuwa mdogo wake wa tumbo moja, ambaye leo amemgeuzia ua kuwa, eti, studio.

"Dada, karibu, karibu! Tunakungoja wewe tu."

Huyu ndiye Dairekta. Cheo alijipa mwenyewe. Kwa miaka amepiga video za harusi, na anajulikana zaidi kwa kuwakata maharusi vichwa. Sasa kaamua kutengeneza filamu ya kuchekesha, kwa nguvu zake mwenyewe: familia isiyosikilizana inasafiri pamoja kwa gari. Waigizaji hana, basi kawakusanya ndugu zake, ambao kwa kutosikilizana hawahitaji mazoezi.

"Gari la safari liko wapi?" Fundi akauliza.

"Si hilo hapo."

Fundi akalitazama. Halina injini, halina magurudumu, limekaa juu ya matofali. Kitu kizima kilichobaki ni viti, alivyovishona yeye kabla mwenye gari hajalitelekeza pale.

"Hilo linakwenda wapi, mdogo wangu?"

"Kwenye filamu litakwenda, dada. Ni ufundi wa kamera."

"Ufundi!" Fundi alilitema lile neno kama kokwa.

Ufundi wenyewe ulikuwa hivi. Wifi yake, mke wa Dairekta, alitakiwa apite mbio dirishani na tawi mkononi, ionekane miti inarudi nyuma. Dairekta mwenyewe alisimama juu ya bampa ya mbele, akipiga picha huku akilitikisa gari kwa uzito wake. Haikumjia akilini kwamba akitikisika pamoja na gari, kwenye picha gari litatulia kama meza, na kitakachorukaruka ni ukuta wa jirani. Fundi aliling'amua hilo mara moja. Lakini alitaka aone ujinga huu una mwisho gani.

Utaniuliza, msomaji wangu, kama dharau ilimjaa hivyo, alifuata nini pale? Alifuata sentensi moja.

Baba yao naye alikuwa fundi wa viti. Fundi alijifunza kazi miguuni pake, akashika mkasi wake, akafungua karakana yake, na wateja wa baba wakamfuata. Mzee akamwita mwizi mbele za watu. Tangu siku hiyo hajamwambia neno ana kwa ana. Wakiwa chumba kimoja, mzee huwatuma waliopo: "Mwambieni Fundi anisogezee kiti." Kiti chenyewe kiko mbele ya Fundi, na Fundi anasikia vizuri.

Sasa, katika hadithi ya Dairekta, baba anashika usukani, halafu anageuka nyuma na kumwambia binti yake: "Mwanangu, nilikukosea." Maneno ya kuigiza, ndiyo. Fundi aliyadharau hata hayo. Lakini alitaka kuyasikia.

Mzee alikuwa tayari kwenye usukani, amevaa suti, anakata kona kwa makini na kuwasha taa za ishara zisizowaka. Fundi akaketi nyuma.

"Haya, safari!" Dairekta akapaza sauti. Gari likalia nyi-nyi-nyi. Wifi akapita na tawi, akajikwaa, akapita tena. "Baba, sasa!"

Mzee akageuka. Akamtazama Fundi paji la uso, kisha akakohoa.

"Mwambieni Fundi nilimkosea."

Wifi akaanguka na tawi lake kwa kucheka.

"Baba! Mwambie mwenyewe, yuko nyuma yako hapo!"

"Si nimesema?"

Wakarudia. "Mwambieni mwanangu..." Wakarudia tena. "Huyo aliyeko nyuma aambiwe..." Jua lilipanda, suti ya mzee ikalowa mgongoni, na Dairekta akashuka kwenye bampa kwa hasira.

"Basi! Sentensi hiyo naifuta. Baba atapunga mkono tu."

Fundi akafungua mlango, nao ukabaki mkononi mwake. Akauegemeza kwenye gari.

"Siku nzima natikiswa kama maziwa ndani ya kopo hili," alisema, "kwa filamu ambayo hata mbuzi hataitazama. Kwaherini."

"Wewe."

Fundi akasimama. Mzee alikuwa amejipinda, kidole chake kikipita kwenye kona ya kiti cha nyuma.

"Kona hii imekunjamana. Nani alikufundisha kukata kitambaa hivi?"

Wifi alishusha tawi.

"Wewe," Fundi akajibu.

"Basi nilikufundisha vibaya." Mzee akageukia usukani wake. "Kosa ni langu."

Dairekta akaruka juu kama aliyekanyaga kaa la moto. "Hiyo! Hiyo hiyo, baba! Turudie, kamera nilikuwa nimeizima!"

Mzee akanyoosha tai yake.

"Mwambieni Dairekta sirudii."

Akashuka, akajipangusa suti, akaenda zake bila kuaga.

Watu walipoondoka, Fundi alirudi ndani ya lile gari peke yake. Akapitisha kiganja kwenye ile kona, halafu gumba lenye sugu, akitafuta kunyanzi. Hakukuwa na kunyanzi. Kona ilikuwa laini kama yai. Hata hivyo, mkono mmoja tayari ulikuwa umeshika wembe wa kufumulia, kama mwanafunzi aliyeambiwa arudie.

Ungekuwa wewe, kona hiyo ungeifumua?