Kuku wa Heshima

Mume wangu alipochunguzwa kwa rushwa, wachunguzi walikuja kuhesabu kuku wangu. Walikuwa wawili, mwanamke mwenye kompyuta ndogo na mwanamume mwenye kamera, wametoka mjini Mbarara asubuhi na viatu safi. Kuhesabu kuku waliofunguliwa ni kazi inayotaka moyo. Mara ya kwanza walipata kumi na saba, mara ya pili ishirini na mmoja. Yule mwanamke akaandika "karibu ishirini", kisha akaniuliza wangapi kati yao ni wa rushwa.

Nilikasirika. Kuku wangu hawakuwa wamepangwa hivyo.

Mume wangu alikuwa mwenyekiti wa eneo letu hapa Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi. Alichaguliwa kihalali kabisa. Wagombea watatu walisimama uwanjani na watu wakapanga mstari nyuma ya yule wanayempenda, mchana kweupe, mbele ya majirani na mashemeji. Mstari wake ulifika hadi kwenye bomba la maji. Tangu siku hiyo watu wakamwita Cheameni, na mimi nikawa Mama Cheameni bila kupigiwa kura na mtu yeyote. Mshahara haukuwepo. Kulikuwa na muhuri, daftari na kiti cha mbele kwenye mazishi.

Kazi yake kubwa ilikuwa barua. Mkimbizi akitaka kutoka kambini kwa siku kadhaa, kwenda hospitali Mbarara au kuzika ndugu, anahitaji kibali cha ofisi, na ofisi haimsikilizi mtu asiye na barua ya mwenyekiti wake. Mume wangu aliandika barua hizo sebuleni kwetu, kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyewahi kuwa mwalimu. Redio ilikuwa pembeni yake. Redio za Mbarara zilipenda sana habari za waheshimiwa waliochaguliwa na wananchi kisha wakaonekana na mali ya wananchi, na yeye alipenda kuzisikiliza. "Wezi," alikuwa anasema, akigonga muhuri. "Wezi watupu."

Kisha siku moja kwenye sanduku la malalamiko la ofisi ikapatikana karatasi isiyo na jina. Ilisema hivi tu: Cheameni wetu hachukui pesa, anachukua kuku.

Mume wangu alimshuku mgombea aliyeshindwa, yule ambaye mstari wake uliishia karibu kabisa na ulipoanzia. Huenda ni kweli. Mimi sikujali nani ameandika. Nilikuwa na swali langu moja, nalo halikuwa la ofisi. Nilitaka kujua kama kwa miaka kumi na minane nimelala kitanda kimoja na mwizi. Kama ndivyo, basi niwe wa kwanza kujua, si wa mwisho kama wake wengi wa wakubwa. Na kama sivyo, nilitaka niandikiwe na mtu mwenye kompyuta.

Lazima nieleze habari za kuku. Kwetu Kivu Kusini, tulikokimbia, mtu hawezi kwenda kwa mkubwa mikono mitupu. Si kwamba amekatazwa. Haiwezekani tu, kama vile haiwezekani kwenda kanisani umevaa taulo. Kwa hiyo mtu aliyehitaji barua alikuja jioni na kuku kwapani, amefungwa miguu kwa kamba ya mgomba. Akiingia, kuku anawekwa chini nyuma ya mlango, wala hatajwi. Mgeni anasema, "Nilikuwa napita tu, nikasema nibasalimie." Mume wangu anamkaribisha bila kutazama nyuma ya mlango. Wanaongea habari za mvua na mihogo. Mimi napita kama naenda kuchota chumvi, namwokota kuku, naenda naye jikoni. Baadaye kidogo mgeni anakumbuka kwamba, kwa bahati, ana shida ya barua.

Hakuna aliyeombwa kuku. Naapa kwa hilo hata leo.

Wachunguzi walipomuuliza mume wangu kama amewahi kupokea kuku, alisema hapana, bila kupepesa. Alikuwa anasema kweli. Katika maisha yake yote yule mwanaume hajawahi kushika kuku aliye hai. Walimuuliza kwa njia nne na mara zote nne akasema kweli. Ndipo yule mwanamke akafunga kompyuta yake na kusema mimi niende Mbarara nikaandike maelezo.

Nilikwenda siku ya Jumatano nikiwa nimevaa sare ya kina mama wa kanisa, ili wajue wanaongea na nani. Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la magodoro. Niliketi kwenye benchi kwa saa mbili, na karibu yangu alikaa mzee mmoja wa Biharwe aliyekuja kumshtaki diwani wake kwa ajili ya daraja. Aliniuliza yangu ni ya nini. Nikasema kuku. Akanisogezea nafasi kwa huruma.

"Nyabo," yule mwanamke akaanza, akiniita bibi kwa lugha ya kwao, "hiyo kuku mimi nauliza, ilikuwa nakuja kwa nani?"

"Kwa nyumba yetu."

"Kwa bwana yako?"

"Bwana yangu hajuake hata rangi yabo. Ni mimi nilikuwa nabapokea."

"Sasa wewe ulikuwa napokea ya nini?"

"Ya heshima, dada. Nani anaweza kukatala heshima?"

"Nani aliambia watu walete?"

"Hakuna muntu. Ni heshima."

Aliandika kwa muda mrefu. Halafu akaenda kumuuliza mkubwa wake kwenye chumba kingine. Niliwasikia wakijadiliana. Aliporudi alinieleza kwa upole kwamba kanuni inamhusu mtu aliyechaguliwa, na mimi sikuchaguliwa. Nikasema ndiyo, hilo nalijua. Akaniomba niweke kidole kwenye wino, nikamwambia najua kusaini, nikasaini. Sijawahi kuwa na saini nzuri kama ya siku ile.

Majirani nao waliulizwa, nyumba kwa nyumba. Je, umewahi kutoa rushwa kwa mwenyekiti? Walishangaa. Wengine walikasirika kama mimi. Mzee mmoja anayefuga ng'ombe alitishia kuwashtaki wachunguzi kwa kumtukana. Wote walisema kitu kimoja: rushwa hatujui, tulikwenda kusalimia. Na hawakupanga kusema hivyo. Ndivyo walivyoamini.

Baada ya miezi miwili barua ikaja. Ilisema hakuna ushahidi kwamba mwenyekiti alidai au kupokea chochote. Chini yake kulikuwa na ushauri: familia za viongozi zisipokee zawadi ya aina yoyote. Nililia, sioni haya kusema. Nilikuwa nimepata jibu langu, lina muhuri wa watu wa Mbarara, na nikalisoma tena jikoni peke yangu. Mume wangu si mwizi. Jumapili iliyofuata tulifanya ibada ya shukrani, na baada ya ibada tukalisha watu. Tulichinja kuku sita. Hakuna aliyeuliza walitoka wapi.

Mume wangu alisema waheshimiwa wa redioni wangekuwa na moyo kama wake, nchi hii ingekuwa mbali. Mimi, kwa kuwa nilikuwa na furaha na nilitaka tuonekane safi kuliko tulivyoandikwa, nilisimama kanisani nikatangaza kwamba kuanzia leo mtu asilete kuku kwa Cheameni. Aje hivyohivyo. Watu walipiga makofi kidogo, kwa mashaka.

Siku ya pili asubuhi alikuja mwanamke mjane wa mstari wa mwisho wa nyumba, kule karibu na ziwa. Nilimjua kwa sura tu. Alisimama nje ya mlango akiwa ameshika mkono wa binti yake wa miaka sita hivi.

"Mama Cheameni," akasema, "balitangaza mu kanisa ya kama sasa muntu anaweza kuja bila kuku. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Njo maana nimekuja."

Mtoto aligeuza kichwa upande ili anione, kama kuku anavyotazama punje. Jicho moja lilikuwa na weupe katikati.

Nikauliza lilianza lini. Miaka miwili, akasema. Nikauliza kama alimpeleka zahanati. Alimpeleka mara moja, na wakamwambia ampeleke Mbarara kwa daktari wa macho, wakampa na karatasi. Akaitoa kifuani. Ilikuwa imekunjwa mpaka imekatika kwenye mikunjo.

"Sasa ulikuwa unangojea nini?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jua linatokea wapi.

"Kuku," akasema.

Alikuwa amenunua kifaranga wakati ule ule, ili akikua amlete. Kifaranga kilikufa kwa ugonjwa ulioua kuku wa mstari wao wote. Akapalilia shamba la mtu, akanunua kingine, kikachukuliwa na mwewe. Cha tatu kilikuwa kimeanza kuota manyoya mazuri. Alikuwa anategemea kukileta mwezi wa sita.

"Nani alikuambia ulete kuku?" nikamuuliza.

"Hakuna muntu, mama. Ni heshima."

Niliwaingiza ndani. Nilimwita mume wangu. Aliandika barua ile haraka kuliko zote, chai haikuwa imechemka, na alipoigonga muhuri alimwambia yule mama, "Lakini mbona hukukuja? Mimi simukatalie muntu." Ilikuwa kweli. Hakuwahi kumkatalia mtu. Mama yule akashukuru kwa kupiga magoti, nami nikamwinua kwa ukali nisioutaka.

Kibali kilipotoka nilisema nitawasindikiza. Mume wangu aliuliza kwa nini, nikaenda kutafuta viatu vyangu.

Daktari wa Mbarara alikuwa mwanaume mwenye mikono mikubwa na haraka nyingi. Alimulika jicho lile, akaliacha, akalimulika tena. Akalifunika jicho lile jingine, lililo zima, kwa kiganja, akanyoosha vidole mbele ya mtoto.

"Hii ni ngapi?"

Mtoto alifikiri. Kisha akajibu kwa adabu, kama alivyofundishwa kuwajibu wakubwa, "Zenye unapenda, daktari."

Muuguzi alicheka. Daktari hakucheka. Alitueleza kwamba ule ni mtoto wa jicho, kwamba watampasua na weupe utaondoka, lakini jicho lenyewe halitaona. Limekaa gizani muda mrefu mno wakati mtoto anakua, na sasa halijui tena kazi yake. Mngekuja mwaka juzi, alisema, hii ilikuwa kitu ndogo.

Kwenye fomu yake kulikuwa na mstari wa sababu ya kuchelewa. Akashika kalamu.

"Kwa nini mulichelewa?"

"Nilikuwa sijapata kuku," mama akasema.

"Kuku? Kuku ya nini?"

Mama akaanza kukunja ile karatasi yake. Hakutaka kunisema mbele ya mgeni, alikuwa ananilinda. Daktari akanigeukia mimi, akidhani nimekuja kutafsiri. Niliwaza kumwambia habari za mvua, au za umaskini, au za ofisi, na yoyote kati ya hizo angeiandika bila kuuliza zaidi.

Nikamwambia kwenye sababu aandike: mimi.