Kirukanjia na Mvua ya Kwanza

Harufu ya ardhi ya Ugogo inapopigwa na mvua ya kwanza haina mfano. Vumbi lililochomwa na jua kiangazi kizima hulowa, likanukia kama chungu kipya kilichotiwa maji, na jioni kumbikumbi hutoka ardhini kama moshi. Wakati wa Mdachi, nilipokuwa msichana mdogo kwetu upande wa Ihumwa, jioni ya namna hiyo ilikuwa sikukuu. Sisi watoto tulikimbilia vichuguu na vibuyu vyetu, na juu ya vichwa vyetu virukanjia walikuja kugombea chakula kile kile. Mchana ndege huyu hulala chini penye majani makavu, naye ana rangi ya majani hayo hayo, hata unaweza kumkanyaga. Jua likizama huruka bila kelele, na kile kidomo chake kidogo hupanuka kama kinywa cha chura akizoa wadudu hewani. Baba alinifundisha kuwatofautisha. Wengi wana baka jeupe tu bawani, lakini kuna mmoja ajaye na mvua, ambaye dume lake huburuta unyoya mmoja kila upande, mrefu kuliko mwili wake. "Ukimwona huyo," baba aliniambia, "mbegu zisilale ndani."

Mwaka ule mbegu zetu zililala ndani. Asubuhi baada ya mvua, baba akiwa ameshika jembe, jumbe wetu alifika na askari wawili. Kulikuwa na mzungu aliyepiga hema karibu na njia ya reli, mkusanyaji wa ndege, nasi tulimwita Bwana Ndege. Alitaka dume lile lenye manyoya marefu, tena zima, lisilovunjika unyoya. Wanaume wote walitakiwa kwenda kumtafutia. "Jumbe, niache nipande kwanza," baba alisema. "Leo ardhi ina maji, kesho haina." Jumbe alitazama chini. Askari mmoja hakutazama chini. Alimpiga baba kiboko cha mgongo mbele yetu, jembe likamwanguka. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sijui walimsemea mgeni gani.

Wanaume walizungushwa porini mchana kutwa wakifukua majani, na jioni wakatandaza nyavu penye vichuguu. Ndege akinaswa akapapatika, manyoya yale huvunjika, na yakivunjika Bwana humtupa ndege na kuagiza mwingine. Mama alilima peke yake, mdogo wangu Ndahani akiwa mgongoni, akamaliza kipande kidogo tu nyuma ya tembe, nyumba yetu ya paa la udongo. Jua likarudi, kali. Alipoona udongo unaanza kupauka, alinishika mkono tukaenda hadi kwenye hema. Bwana Ndege alikuwa amekaa mezani akimjaza kirukanjia pamba tumboni. Sijapata kuona mikono yenye upole namna ile. Alilainisha unyoya mmoja mmoja kwa ncha ya kidole, kama mama anayemfuta mtoto uso.

"Nimemfuata mume wangu," mama alisema. "Mvua imenyesha, hatujapanda."

Askari alitafsiri. Bwana alitabasamu, akajibu bila kuinua macho. "Bwana anasema shamba halikimbii," askari akasema. "Ndege ndiye atakayeondoka."

"Mwambie mvua ndiyo inayokimbia."

Askari hakutafsiri. Alitusukuma tukatoka.

Baba alirudi baada ya siku nyingi, Bwana alipotosheka, na ardhi ilikuwa imekauka kama tofali. Walipanda hivyo hivyo. Mvua zilizofuata zilikuwa za kuhesabu, uwele ukachipua, ukanyauka kabla haujafika magotini. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Bwana Ndege alikwisha ondoka na masanduku yake, yakibebwa na vijana wetu. Tulikula mizizi, tukala ngozi tuliyokuwa tukilalia. Ndahani alikuwa ndiyo kwanza ameachishwa ziwa. Alikufa akiwa amenishika kidole, mwepesi kama mganda wa majani, na baba, ambaye hakulia alipopigwa, alilia siku ile hata jirani wakadhani ni mama.

Watu huniambia nisamehe, kwamba mzungu yule hakumwua mtu. Kweli, hakumgusa Ndahani. Hakuuliza hata jina lake, ingawa majina ya ndege wetu aliyauliza yote, akayaandika. Nasikia wasomi wa kwao walimsifu kwa kazi ile. Basi na wamsifu. Mimi niliyemzika mdogo wangu sina sifa za kumpa, na hasira yangu haijazeeka pamoja nami.

Leo bendera ni yetu, na aitaye watu ni mwenzetu, tena huita kwa adabu. Lakini bado wapo wanaotangaza mkutano asubuhi ya mvua ya kwanza, kana kwamba shamba halikimbii. Mwanangu mkubwa haendi. Akifuatwa, humwambia mjumbe, "Kamwombe mama ruhusa." Mimi huwa nimekwisha simama mlangoni, na jembe lake nimemshikia.