Kuziba Vumbi la Njia ya Liuli

Nilitoka Tanga na begi la vifaa, nikalala Dar, nikalala tena Njombe kwa sababu basi liliharibika, na kesho yake jioni nikashuka Mbinga nikitetemeka. Hakuna aliyenionya kuhusu baridi ya kule. Aliyeniita alikuwa mzee mwenye duka la nguo, ambaye babu zake walitoka pwani. Zamani nilimfanyia kazi ndugu yake, na mimi sijawahi kuzoea mji kiasi cha kukataa safari.

Landrova yake ya siku nyingi ilikuwa uani, imepakwa rangi upya, injini imefungwa. Ilibaki kuizibaziba. Mkewe alikuwa na ugonjwa wa mapafu, na hospitali ilishawaambia warudi nyumbani. Kwa mama huyo nyumbani ni ufukweni mwa Ziwa Nyasa, upande wa Liuli. Mpaka Mbamba Bay ni lami. Baada ya hapo ni vumbi tupu, na vumbi lile lingemmaliza njiani.

"Na kelele uiondoe," mzee aliniambia. "Sauti ya mke wangu imekuwa ndogo. Miaka yote humo ndani tumeongea kwa kupayuka kama watu wanaogombana."

"Tulikuwa tunagombana," mkewe alisema kutoka barazani.

Nilibandika karatasi za lami sakafuni, juu yake sponji, kisha kapeti. Nikabadilisha mipira ya milango, nikaziba kila tundu la waya kwenye bati la mbele ya miguu ya dereva. Ili kunipima, mzee alitundika kanzu yake nyeupe ndani ya gari, tukashika njia ya Kitura nyuma ya lori la kahawa. Kanzu ilirudi na pindo jekundu. Nikafumua sakafu karibu na gia, nikaanza upya. Safari ya pili ilirudi nyeupe, akaivaa hiyo hiyo kwenda msikitini.

Tulipoondoka, mimi nilikaa nyuma. Kwenye lami mama aliongea bila kuchoka: dada zake, samaki wa kwao, jinsi mumewe alivyoogopa maji siku alipokuja kuposa.

"Sikuogopa."

"Ulishika kanzu juu kama mwari."

Tulipoingia kwenye vumbi akanyamaza. Mzee akapunguza mwendo. "Fundi, kuna mahali panavuta hewa. Sikiliza."

Nilisikia mluzi mwembamba, unakuja, unakatika. Nikajivuta mbele, nikapitisha kiganja kwenye mpira wa mlango wa kushoto, juu mpaka chini. Hapakuwa na upepo.

"Liacheni gari," mama alisema. "Ni mimi."

Mzee akasimama katikati ya njia. Nyumbani kwao redio ilikuwa haizimwi, mluzi ule hakuwahi kuusikia.

"Ndivyo unavyopumua kila siku?"

"Kila siku. Twende, wananisubiri."

Aliendesha taratibu sana. Tulifika jua likiwa bado juu. Dada zake walimshika huku na huku, akatembea mwenyewe mpaka mlangoni.

Nilidhani mzee angerudi nami Mbinga. Akasema duka litabaki limefungwa mpaka mke wake asimhitaji tena. Nilingoja siku ya meli, nikapanda kwenda Kyela, na kule sijarudi. Mzee alinisindikiza mpaka ufukweni, akanipa mkono, akageuka kabla meli haijaondoka. Alikuwa amemwacha mkewe anakunywa uji peke yake.