Pengo Langu Kinywani mwa Mama

Mama amezaa watoto watatu na amepoteza meno matatu. Tukiwa wadogo alikuwa akivuta mdomo kwa kidole na kutuonyesha pengo la kila mmoja wetu. Langu ni la juu, kushoto. Nilipenda kuliona akicheka. Nilijihisi nina makao mawili duniani, nyumbani kwetu na pale.

Kwa hivyo fizi zangu zilipoanza kutoa damu, mimba ikiwa na miezi mitano, nilidhani zamu yangu imefika. Niliacha kupitisha mswaki upande uliouma, na jino moja la chini likaanza kucheza nikilisukuma kwa ulimi. Mama, aliyekuwa ametoka Machakos kuja kukaa nami Riruta, alinikuta nikitema mate mekundu kwenye sinki.

"Mjukuu wangu ameanza kuchagua," akasema. "Mwache achukue."

"Mama, mimi nalitaka jino langu."

"Kwani mimi yangu sikuyataka? Nilikutaka wewe zaidi."

Nilimkumbatia, kisha nikamwambia nakwenda mjini kwa daktari wa meno. Mwenye mimba haguswi meno, alisema, huku akifunga kitambaa kichwani. Lakini kama ni lazima niguswe, nitaguswa yeye akiwapo.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo. Kabla hata sijaketi, Mama alinitangulia: "Daktari, huyu ana mtoto ndani. Usije ukang'oa kitu."

"Leo sina njaa ya meno, Mama. Nasafisha tu."

Alituambia kwamba mimba hufanya fizi zivimbe upesi, na uchafu ukiganda chini yake, hutoa damu na jino hulegea. Mama akavuta mdomo, akamwonyesha mapengo yake matatu. Mtoto hali jino la mamake, daktari akasema. Nitumie mswaki laini asubuhi na usiku, hata panapotoka damu, na nikitapika nisukutue kwa maji kwanza, kabla ya mswaki.

"Na wewe Mama, ulipoona damu ulifanyaje?" daktari akamuuliza.

"Niliacha mswaki. Nani husugua kidonda?"

Nilikuwa nimelazwa kwenye kile kiti kirefu, naye Mama akaushika mguu wangu, maana ndio aliokuwa karibu nao.

"Kumbe miaka yote hii nimekusingizia, mtoto wa watu."

Nilitaka kucheka, lakini mdomo ulikuwa wazi, umejaa vyuma.

Alipomaliza, daktari alilisukuma jino langu kwa kidole. Litakaza, alisema, fizi zikipona na nisipoogopa mswaki. Nikashuka, nikamngoja Mama mlangoni. Hakuja. Alikuwa anakitazama kiti.

"Na haya yaliyobaki," akauliza, "huokolewa hata kwa asiye na mimba?"

Daktari akacheka, akakipangusa kiti. Mama alinikabidhi mkoba, akavua viatu kama mtu anayepanda kitandani kwa wageni, akalala.